Mtaji wa Mkulima na Masharti Yake

Wahenga walisema kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Msemo huu ni wa kweli, lakini haumalizi kweli yote. Mtu mwenye afya na jembe aweza kulima ekari moja ya mahindi. Hawezi, kwa nguvu zake peke yake, kununua ng'ombe wa gredi, wala kuzungushia shamba lake waya, wala kungoja miaka mitatu au minne mpaka mkahawa au mchai aliopanda uanze kumlipa. Katika miaka hiyo ya kungoja watoto hula, karo hudaiwa na paa huvuja. Kati ya siku ya kupanda na siku ya kuuza pana pengo, na kitu kinachoziba pengo hilo ndicho tunachokiita mtaji. Mkulima aweza kuupata kutoka katika akiba yake mwenyewe. Aweza kuupata kwa mkopo, yaani fedha zitakazorudishwa pamoja na riba. Tena aweza kuupata kwa ruzuku, yaani fedha anazopewa asidaiwe tena.

Katika historia ya Kenya serikali imetoa mtaji kwa mashamba mara nyingi. Tukisoma habari hizo kwa haraka, macho yetu huvutwa na hesabu za mapauni na mashilingi. Lakini fedha hizo hazikuja peke yake hata mara moja. Kila mara zilikuja na sharti, na sharti ndilo lililoamua nani atakuwa mkulima na nani atabaki kibarua. Kwa hiyo msomaji wa historia asitosheke kuuliza zilitolewa fedha ngapi. Na aulize pia: mpokeaji alitakiwa aweke nini mezani kabla ya kupewa?

Tuanze na wakati wa walowezi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Serikali ya kikoloni ilitaka reli hiyo ipate mizigo ya kubeba, nayo ikaamua kwamba mizigo itatoka katika mashamba ya wazungu. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1902 iliwafungulia mlango, na ile ya mwaka wa 1915 ikawapa haki ya kukodi ardhi kwa miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka wa 1919, ukaanzishwa mpango wa kuwagawia mashamba askari wa Kiingereza waliotoka vitani.

Yafaa tukumbuke kwamba wengi wa walowezi hao hawakuwa matajiri. Walikuwa na ardhi kubwa na fedha kidogo. Bei za mazao zilipoanguka duniani baada ya mwaka wa 1929, wengi walikuwa karibu kufilisika, na serikali ikaja kuwaokoa. Mwaka wa 1930 ilitungwa sheria ya kuwakopesha fedha za kuendeshea kilimo, na mwaka wa 1931 ikaanza kazi Benki ya Ardhi, ambayo iliwakopesha wakulima kwa rehani ya mashamba yao. Mwenye hati ya kumiliki ardhi aliipeleka benki, akapewa fedha, akanunua mbegu, mashine na mifugo.

Hapo ndipo lilipokuwa sharti la kwanza: hati. Mwafrika aliyelima katika maeneo yaliyoitwa riziviu hakuwa na hati. Alijua mipaka ya shamba lake kwa miti na vijito, na jirani zake waliijua pia, lakini benki haikopeshi kwa ushahidi wa mti. Benki haikuhitaji kuandika mlangoni kwamba Mwafrika haruhusiwi kuingia. Ilitosha kuuliza hati.

Vita Kuu ya Pili vilipokuja, msaada uliongezeka. Majeshi yalihitaji chakula, na mwaka wa 1942 ilitungwa sheria ya kuongeza mazao. Kwa sheria hiyo wakulima wa mashamba makubwa walipata ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, na tena wakahakikishiwa kiasi cha fedha kwa kila ekari waliyokubaliwa kulima, hata kama mvua ingekosa. Tutazame vizuri jambo hili. Hasara ya ukame, ambayo tangu zamani ilikuwa mzigo wa mkulima mwenyewe, sasa iliwekwa katika mabega ya serikali. Mkulima wa riziviu naye alipanda mahindi, na mahindi yake yalilisha watu vilevile. Lakini yeye hakuhakikishiwa chochote kwa ekari, na bei aliyolipwa kwa gunia ilikuwa ya chini, kwa kuwa makato mbalimbali yalitolewa kabla fedha hazijamfikia mkononi.

Hata kukopa dukani kulikuwa na ukuta wake. Kwa sheria iliyotungwa upya mwaka wa 1948, deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika likizidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa mapatano yawe yameandikwa na kuthibitishwa na afisa wa serikali. Watunga sheria walisema kwamba wanamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Huenda wako walioamini hivyo. Lakini mfanyabiashara gani atakayekopesha mali ambayo hawezi kuidai? Mwenye duka la kijijini aliyetaka kununua mashine ya kusaga posho, au lori la kupelekea mboga sokoni, alijikuta amelindwa hata akashindwa kusonga mbele. Katika miaka ya hamsini serikali na mabaraza ya wilaya yalianzisha bodi za kuwakopesha wafanyabiashara Waafrika, lakini fungu lilikuwa dogo na waombaji walikuwa wengi. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka wa 1960.

Wakati huo watu walifanya nini? Walitumia mtaji ule wa methali. Katika Machakos, mahali ambapo udongo ulikuwa umechukuliwa na mvua hata vilima vikabaki vyekundu, vikundi vya kazi viitwavyo mwethya, vyenye wanawake wengi, vilichimba matuta ya kuzuia maji katika miaka ya hamsini. Njia yao ya kutupa udongo upande wa juu wa mtaro yaitwa mpaka leo fanya juu. Ni kweli kwamba serikali nayo ilitumia fedha katika wilaya hiyo, kwa mpango wa kuendeleza ardhi ya Waafrika ulioanza baada ya vita. Lakini sehemu kubwa ya mtaji uliozikwa katika matuta yale ilikuwa migongo ya watu, na migongo haiandikwi katika daftari za benki.

Mwaka wa 1952, tarehe 20 Oktoba, ilitangazwa Hali ya Hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walikuwa wakidai ardhi na uhuru. Serikali ilijibu kwa bunduki na vizuizi, lakini ilijibu pia kwa mpango wa kilimo. Roger Swynnerton, aliyekuwa afisa mkubwa katika Idara ya Kilimo, aliandika mpango uliochapishwa mwaka wa 1954, na serikali ya Uingereza ikatoa ruzuku ya pauni 5,000,000, yaani shilingi 100,000,000 za wakati huo. Shabaha yake ilikuwa kubwa: familia 600,000 za Waafrika zifikie kupata pauni 100 kwa mwaka, mbali na chakula chao, badala ya pauni 10 hivi walizokuwa wakipata.

Fedha hizo hazikugawiwa wakulima mkononi. Zilitumika kuwalipa mabwana shamba na wapimaji, kuleta maji, na kufundisha watu. Mkulima alifunguliwa mlango wa kupanda kahawa, chai na pareto, na kufuga ng'ombe wa gredi, mambo ambayo kabla ya hapo alikatazwa au alizuiwa kwa njia nyingi. Nalo sharti lilikuwa hili: vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikusanywe pamoja viwe shamba moja, shamba lipimwe, na mwenyewe aandikishwe na kupewa hati. Swynnerton alifikiri kwamba mwenye hati ataweza kukopa, na akikopa ataendelea. Tena hakuficha kwamba kwa njia hiyo watatokea wenye ardhi na wasio na ardhi. Aliliona jambo hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Hapana shaka kwamba mpango huo uliongeza mazao. Kahawa ya wakulima wadogo ilienea, na maziwa yakapata soko. Lakini tutazame ni wakati gani ardhi hiyo ilipimwa. Katika nchi ya Wakikuyu watu zaidi ya 1,000,000 walikuwa wamehamishwa na kutiwa katika vijiji vilivyolindwa. Maelfu walikuwa kizuizini. Sheria ya mwaka wa 1953 iliruhusu ardhi ya watu waliohukumiwa kuwa waasi ichukuliwe. Mtu aliyefungwa mbali hakuweza kusimama mbele ya kamati ya ardhi na kusema, "Mpaka wangu ni ule mti." Katika Murang'a manung'uniko yalikuwa makubwa na udanganyifu ukaonekana, hata kazi ikabidi kufanywa upya.

Liko jambo jingine lililopita kimya zaidi. Kwa kawaida hati iliandikwa jina la mwanamume aliyehesabiwa kuwa mkuu wa nyumba. Zamani mke alikuwa na mashamba yake ya kulima, ambayo desturi iliyatambua. Sasa shamba lilikuwa moja na jina lilikuwa moja. Mwanamke aliyepalilia kahawa na kukama ng'ombe hakuonekana katika karatasi, na asiyeonekana katika karatasi hakuweza kukopa. Tena, mwanamume aliweza kuiweka ardhi rehani bila kumwuliza.

Sasa tuje kwenye mpango ambao kwao watu wengi wa Bonde la Ufa, Nyandarua na Magharibi walipata makao mapya. Mwaka wa 1960 Nyanda za Juu, zilizokuwa zimetengewa wazungu, zilifunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka wa 1962 ulitangazwa Mpango wa Ekari Milioni Moja. Mashamba ya wazungu yangenunuliwa, yakatwe vipande, na kugawiwa Waafrika. Fedha zilitoka hasa Uingereza, pamoja na Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo ya Makoloni. Katika fedha za Uingereza za kununulia ardhi, theluthi moja ilikuwa ruzuku na theluthi mbili zilikuwa mkopo. Familia zipatazo 35,000 zilikaa katika skimu hizo, kama vile za Kinangop, Sotik, Lugari na Lumakanda.

Fikiri hali ya mtu aliyeingia skimu. Alionyeshwa kipande chake, ambacho pengine alikuwa amekilima miaka mingi akiwa skwota au kibarua wa mwenye shamba. Siku hiyo aliingia katika madeni mawili. Deni la ardhi lilipaswa kulipwa kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6.5. Deni la maendeleo, la kununulia ng'ombe, waya, mbegu na vyombo, lilipaswa kulipwa kwa miaka 10. Kwa kila shilingi 1,000 alizodaiwa, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ilikuwa shilingi 65. Baadhi ya skimu za watu wengi zilipangwa kwa hesabu kwamba mkulima, akisha kula na kulipa deni, atabakiwa na shilingi 500 kwa mwaka. Hesabu kama hiyo haina nafasi ya ng'ombe kufa au mvua kuchelewa. Kukopa harusi, kulipa matanga: wengi walichelewa kulipa, malimbikizo yakaongezeka, na hati ikabaki mikononi mwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi mpaka deni limalizike. Baadhi ya madeni hayo yaliwarithi watoto.

Na ruzuku ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ya fedha za kununulia ardhi haikukaa shambani. Ililipwa kwa wenye mashamba waliokuwa wakiondoka. Ruzuku ilipunguza mzigo wa nchi, lakini aliyepata fedha taslimu ni yule aliyeuza, na aliyepata deni ni yule aliyelima.

Jambo hili liliwagawanya viongozi wetu. Bildad Kaggia, aliyekuwa amefungwa pamoja na Jomo Kenyatta, alishika kwamba si haki watu kuinunua ardhi waliyonyang'anywa, na mwaka wa 1964 aliondoka serikalini. Oginga Odinga alikuwa na mawazo ya namna hiyo, na mwaka wa 1966 alianzisha chama cha upinzani. Serikali ya Kenyatta ilijibu kwamba haki ya mali lazima iheshimiwe, kwamba kilimo kikivurugika nchi changa itakosa chakula na fedha za kigeni, na kwamba wakopeshaji watakimbia. Mwanafunzi wa historia asizipuuze hoja za upande wowote. Upande mmoja uliuliza lililo haki. Upande wa pili uliuliza lililowezekana. Na mkulima wa skimu aliishi kati ya maswali hayo mawili akilipa riba.

Iko hadithi nyingine, ambayo sharti lake lilikuwa tofauti. Kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, katika Nyeri, mwaka wa 1957. Mwaka wa 1964 iliundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA, ambayo ilikopa kwa wakopeshaji wakubwa wa ng'ambo na kujenga viwanda. Mkulima alipata miche, mbolea na mafunzo, akachuma majani mawili na kichipukizi, akayapeleka katika kituo cha kununulia. Deni lake lilikatwa kidogo kidogo katika malipo ya majani. Dhamana kubwa hapa ilikuwa zao lenyewe, si ardhi. Majani yakipungua mwezi huu, makato nayo hupungua. Mzigo ulifuata nguvu za mbebaji.

Si kwamba chai haikuwa na malalamiko. Mkulima alilazimika kuuza mahali pamoja, hakuwa na sauti katika bei, na mara nyingi hakuelewa makato yote. Mwaka wa 2000 mamlaka hiyo iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima, na ugomvi juu ya uendeshaji wake haukuisha. Hata hivyo, wakulima wadogo zaidi ya 600,000 walifikia kupata riziki katika chai, na zaidi ya nusu ya chai ya Kenya ilifikia kutoka mashambani mwao.

Lakini chai haioti Turkana wala Tana River. Waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka wa 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, uliamua kwamba fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Shirika la Fedha za Kilimo, lililoundwa mwaka wa 1963 na kuirithi ile Benki ya Ardhi mwaka wa 1969, nalo liliendelea kutaka hati. Basi mfugaji mwenye ng'ombe 200 na asiye na hati alihesabiwa kuwa hana dhamana. Mwenye ekari chache zilizopimwa alihesabiwa kuwa nayo.

Miaka mingi baadaye nchi imejaribu kuyarekebisha baadhi ya mambo haya. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka hazina ya kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 2012 inataka idhini ya mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Sheria ya mwaka wa 2017 imeruhusu mali inayohamishika, kama mifugo na mazao, iwe dhamana ya mkopo. Kila moja ya sheria hizi ni jibu lililochelewa kwa mtu fulani aliyerudishwa mlangoni zamani: mkazi wa nchi kavu, mke asiye na jina katika hati, mfugaji mwenye zizi lililojaa.

Hata leo kila fedha inayotolewa kwa mashamba na biashara za vijijini, iwe ruzuku ya vikundi au mkopo wa mtu mmoja, ina sharti lake, ingawa tangazo lake huanza na hesabu ya mamilioni. Kijana atakayesimama siku moja kuomba mtaji, au atakayeketi upande wa pili wa meza kuugawa, na ajifunze kusoma sharti kabla ya hesabu. Aulize: ni nani anayeweza kulitimiza, na ni nani asiyeweza? Mvua ikikosa, hasara ni ya nani? Na fedha hizi zitakaa shambani, au zitapita tu kwenda kwa mwingine?

Wale wenye wazee nyumbani wanaweza kuanza uchunguzi huo pasipo kitabu. Waulize shamba la ukoo lilipimwa mwaka gani, jina la nani liliandikwa, ng'ombe wa kwanza wa gredi alinunuliwa kwa fedha za nani, na deni lake lilikwisha lini. Majibu yatakuwa tofauti kutoka nyumba hata nyumba, nayo yatawaonyesha ni nani alikuwa na kitu cha kuweka mezani.